Muulize kama analala

(Hotuba niliyoitoa mbele ya watoa huduma wa CTC, yaani kliniki za tiba na matunzo ya VVU, WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, na viongozi wa dini, Njombe. Naiweka hapa yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu wa Lupembe na Ludewa ambao mvua iliwakwamisha njiani.)

Ndugu mwenyekiti, Mganga Mkuu wetu, wachungaji, masheikh, WAVIU washauri, wauguzi wenzangu, na wewe mzee uliyehamisha kiti chako mpaka kwenye jua: kamwene!

Hiyo haijafika hata Makambako. Kamwene!

Asanteni. Mimi ni muuguzi. Sijazoea kipaza sauti. Nimezoea kuzungumza na mtu mmoja, mlango umefungwa, faili liko mezani. Kwa hiyo naomba nianze na mtu mmoja.

Ni mama wa miaka arobaini na kitu. Ameniruhusu nimsimulie, ila nimebadilisha mambo mawili matatu ili hata jirani yake asimtambue. Huyu mama alianza dawa za VVU mwaka 2009. Kwa miaka kumi hakukosa tarehe hata moja. Mvua ikinyesha yupo, mavuno ya viazi yupo, msiba yupo. Wapya wakija tunawaambia, kaeni karibu na huyu mjifunze. Halafu siku moja kipimo cha wingi wa virusi kikarudi kimepanda.

Tulifanya nini? Mnajua tulichofanya, maana na ninyi mngefanya hivyohivyo. Tulimwingiza kwenye ushauri nasaha wa ufuasi, yaani kumeza dawa bila kukosa. Kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu. Tukahesabu vidonge vyake, hesabu ikatimia bila hata kimoja kuzidi. Tukamweleza kumeza dawa saa ileile kila siku, tukamchorea na picha ya askari wanaolinda mwili. Yeye anatikisa kichwa: ndiyo nesi, nimeelewa nesi. Baada ya miezi mitatu tukapima tena. Vimepanda zaidi. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mkono wangu huu: "Ufuasi hafifu. Elimu imetolewa."

Elimu imetolewa! Kwa mtu aliyekuwa anawafundisha wengine.

Aliyegundua tatizo hakuwa mimi wala daktari. Ni mama mmoja MVIU mshauri, muuza viazi gulioni, kaishia darasa la saba. Alimsindikiza mpaka getini, na kabla hawajaagana akamuuliza: "Dada, unalala?"

Yule mama akakaa chini palepale kwenye kokoto.

Alikuwa na miezi kumi na minne hajapata usingizi wa maana, tangu mwanawe wa kwanza alipokufa kwa ajali ya bodaboda. Na vidonge? Alikuwa anatoa kimoja kila usiku, anakitupa chooni, ili tukihesabu hesabu itimie. Mwenzetu akamuuliza kwa nini. Akasema: "Sikutaka kuwasumbua manesi. Na sikutaka kuishi."

Ndugu zangu, katika ile miezi kumi na minne alipita mikononi mwetu zaidi ya mara sita. Kila mara tulimpima uzito. Kila mara tulimpima presha. Kila mara tulimuuliza yale maswali ya kifua kikuu: unakohoa? una homa? umepungua? unatoka jasho usiku? Mmeona? Tulimuuliza kama anatoka jasho usiku. Hatukumuuliza kama analala.

Mkitaka kuondoka sasa hivi mkawahi magari, ondokeni na hilo moja. Muulize kama analala. Muulize katika chumba kilekile anachochukulia dawa, siku ileile, na amuulize mtu yuleyule anayempa dawa. Yote nitakayosema baada ya hapa ni kueleza kwa nini chumba kilekile na kwa nini siku ileile.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: sista, sisi tuna virusi vya kushughulika navyo, mambo ya mawazo ni anasa ya watu wa mjini. Sikulaumu. Mkoa wetu umebeba mzigo. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Tanzania na maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, ya kwanza nchini. Wazee wa Makete wanaikumbuka miaka ya tisini kuliko mimi: mafundi seremala walikuwa hawalali, na si kwa sababu ya vitanda. Dawa za bure zilipoanza mwaka 2004 tulikimbia kuokoa miili, na tumeiokoa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wanaotumia dawa, 94 virusi vyao vimefubazwa. Jipigieni makofi, mnastahili.

Sasa waliobaki ni nani? Tumewapa jina, tunawaita watoro. Tunawapigia simu, tunawafuata majumbani, tunawarudisha, wanatoroka tena. Nimekaa na watoro wengi. Wachache sana wametoroka kwa sababu hawajui dawa ni muhimu. Mmoja analewa tangu saa nne asubuhi. Mwingine haoni kwa nini mtu ajihangaishe na kesho. Wa tatu anasikia sauti zinazomwambia dawa ni sumu. Huyo unamhubiria ufuasi?

Na haya si maneno ya nesi peke yake. Pale Dar es Salaam, kabla dawa za ARV hazijaenea, watafiti waliwafuatilia kwa miaka kadhaa karibu wanawake elfu moja wenye VVU. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Zaidi ya nusu yao walipata dalili za sonona angalau wakati mmoja katika kufuatiliwa kwao, na waliokuwa nazo walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Wanawake wa nchi hii hii. Mara mbili na zaidi! Kama kungekuwa na bakteria anayeongeza vifo kiasi hicho, tungeshamwekea kipimo, rejista na bango ukutani.

Nimetamka sonona. Hili neno ni zuri, liko kwenye kamusi na kwenye miongozo, lakini kule vijijini halijafika. Siku moja niliwauliza watu waliokaa kwenye mabenchi yetu asubuhi: nani hapa ana sonona? Kimya. Mmoja akadhani ni chakula cha lishe. Nikauliza: nani ana mawazo? Mikono ikaja juu, mpaka wa mlinzi. Watu wetu wanasema nina mawazo, moyo mzito, kichwa kinachemka, sijisikii, mwili umechoka na sijalima. Anza na neno lake. Ukiingia na "ugonjwa wa akili" atasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, atasikia minyororo, atasikia kichaa, na hutamwona tena. Tayari amebeba jina moja analolitamka kwa sauti ya chini, nawe unamwongezea la pili.

Wazimbabwe waliliona hili mapema. Kwa Kishona kuna neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari wao mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, amesimulia hadharani habari ya binti aliyekuwa mgonjwa wake. Binti yule alizidiwa, akatakiwa kurudi hospitali. Hakurudi. Familia haikuwa na nauli ya basi, dola kumi na tano. Akajinyonga.

Nauli, ndugu zangu. Daktari alikuwapo, hospitali ilikuwapo, matibabu yalikuwapo. Kilichokosekana ni nauli.

Chibanda akajiuliza: kwa nini nimsubiri hospitali? Akaenda Mbare, mtaa wa watu wa hali ya chini pale Harare. Hakupewa chumba wala wauguzi. Alichopata ni bibi wa kujitolea kumi na wanne na uwanja wa zahanati. Wakaweka mabenchi chini ya miti. Bibi anakaa na mgonjwa, anamsikiliza, wanachagua tatizo moja kati ya mengi, wanalifanyia kazi hilohilo. Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua mawazo. Ya pili kusimudzira, kumwinua. Ya tatu kusimbisa, kumwimarisha. Na mnajua, madaktari walipojaribu kuliita lile benchi kwa jina la ugonjwa, hakuna aliyekalia. Bibi ndio waliosema liitwe benchi la urafiki. Bibi hawashindwi.

Mwaka 2016 matokeo ya majaribio yao yakachapishwa. Watu 573, kliniki 24 za Harare, na karibu wanne katika kila kumi walikuwa wanaishi na VVU. Baada ya miezi sita, katika kundi la huduma ya kawaida, nusu bado walikuwa na dalili za sonona. Katika kundi la bibi? Kama 14 kwa mia. Kwa benchi!

Ndiyo maana nasema chumba kilekile. Sisi hapa tukimkuta mtu hayuko sawa tunafanyaje? Tunaandika rufaa. Karatasi ya rufaa ni kitu kizuri sana, inamfanya aliyeiandika ajisikie amefanya kazi. Lakini ihesabu njia: kutoka kijijini kwake mpaka hospitali ya mkoa, nauli kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi imepotea, anafika anaambiwa mtaalamu hayupo, yuko semina. Kwa mtu anayeshindwa hata kunyanyuka kitandani! Tunampa aliye dhaifu kuliko wote safari ndefu kuliko zote.

Na hata jengo moja linaweza kuwa mbali. Nina kisa cha kijana wa kifafa. Kifafa kwetu kinatibiwa kliniki ya afya ya akili, mnajua. Kijana huyu alikuwa anachukua karbamazepini chumba cha mwisho kule, na dawa zake za VVU zenye dolutegravir anachukua kwetu, chumba cha mwanzo huku. Hatua kama arobaini. Karbamazepini inashusha kiwango cha dolutegravir mwilini. Anayezimeza pamoja inabidi dozi ya dolutegravir iongezwe, mara mbili kwa siku, au abadilishiwe dawa ya kifafa. Huku hatukujua. Kule hawakujua. Faili mbili, rangi mbili, hazijawahi kulala kabati moja. Kijana anameza kila kitu kama alivyoambiwa, na virusi vinapanda. Nadhani hamhitaji kuambiwa kilichoandikwa kwenye faili lake. "Ufuasi hafifu."

Hapo yeye alikosea nini?

Wachungaji, msisinzie, hili ni lenu. Kabla ya 2019, kabla hatujahamia dolutegravir, wengi walikuwa kwenye dawa yenye efavirenz. Mnakumbuka zile ndoto? Mzee mmoja alinisimulia: kila usiku anaota anatembea juu ya paa la kanisa, na chini kuna ng'ombe wenye sura za jamaa zake. Alisema ni kama sinema, ila hulipii kiingilio. Tulicheka. Lakini mzee alikwenda kuombewa, akaambiwa kuna mtu anamchezea, akaacha dawa. Lilikuwa tatizo la dawa, linajulikana, limo kwenye vitabu. Efavirenz inaweza kuvuruga usingizi, kuleta ndoto kali, hata kumwingiza mtu kwenye sonona. Laiti mchungaji angemwambia, tunaomba, na kesho asubuhi tunakwenda wote kwa nesi. Hata hii dolutegravir inawanyima baadhi ya watu usingizi, na mara nyingi dawa yake ni kumwambia aihamishie asubuhi. Lakini utamhamishiaje asubuhi usipomuuliza kama analala?

Haya. Nani atafanya kazi hii? Swali hilo nalisikia kila kikao. Wataalamu hawatoshi, bajeti haitoshi, sisi wenyewe hatutoshi. Kweli. Ngoja niwapeleke Uganda.

Kaskazini mwa Uganda, Gulu, Kitgum na Pader, nchi iliyotoka vitani, daktari Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake waliwachukua watu wa kawaida, wahudumu wa jamii kama hawa WAVIU washauri wetu, wakawafundisha kuendesha vikundi. Wanaume peke yao, wanawake peke yao. Vikao vinane. Watu wanaelezana yaliyowapata, wanajifunza namna ya kukabiliana na mawazo, na mwishoni wanafundishwa shughuli za kujiingizia kipato, maana huwezi kumwambia mtu asiwaze wakati watoto hawajala. Vituo vya afya 30, watu 1,140 wenye VVU na sonona. Nusu ya vituo vilipata hivi vikundi. Nusu nyingine vilipata vikundi vya elimu ya VVU.

Sikieni vizuri: elimu ya VVU. Ile tunayotoa kila asubuhi kwenye mabenchi, tukimaliza tunasema "kuna swali?" na hakuna swali. Baada ya miezi sita, kwenye vikundi vya elimu, 28 katika kila 100 walikuwa bado na sonona kali. Kwenye vikundi vya kusaidiana walikuwa wawili. Si wawili kwa mia! Wawili kati ya watu 578.

Nilipoisoma ile taarifa, mwaka 2020, nililifunga jarida nikatoka nje. Niliwakumbuka wale niliowatolea elimu.

Mtanisamehe, nikifika kwa vijana huwa navuka muda. Mtoto aliyezaliwa na virusi mwaka 2005 leo ni mtu mzima. Hakuuliza kuzaliwa navyo. Wengi wamekuzwa na bibi, wameambiwa dawa ni za kifua, za pumu, za moyo, mpaka siku wanaposoma neno ukutani kliniki wakajumlisha wenyewe. Nina binti mmoja aliyekuwa shule ya bweni. Dawa anazificha ndani ya chupa ya mafuta ya kujipaka iliyokatwa chini. Usiku anasubiri wote walale ndipo ameze. Na wakichelewa kulala? Anasinzia, imepita. Miaka minne hivyo. Aliniambia kilichomchosha ni kusubiri watu walale, wala siyo dawa.

Kule Moshi, hospitali ya KCMC, wanao mpango unaoitwa Sauti ya Vijana. Wanaouendesha ni vijana wenyewe, waliofundishwa kuongoza vikundi. Vikao kumi vya kundi, viwili kati yake wazazi au walezi wanaingia, na viwili vya mtu peke yake. Wanazungumza kuhusu kufiwa, unyanyapaa, mapenzi, namna ya kumwambia mwenzako. Mimi na mvi zangu nikimuuliza yule binti habari za mpenzi, ataniambia "sina, nesi". Kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye kadi ya CTC mfukoni akimuuliza, watazungumza mpaka jua lizame.

Kuna anayeniuliza: na wale wasio na virusi? Kinga je? Swali zuri, na hapa Makambako wanisikilize, maana malori yanalala kwenu.

Kijana mmoja alikuja kupima mara sita ndani ya miezi mitano. Hasi. Hasi. Hasi. Wenzangu wakaanza kumtania: umekuja tena kusalimia? Mara ya sita nikamfungia mlango nikamuuliza nilichojifunza kwa yule muuza viazi. Halali. Baba na mama aliwazika akiwa darasa la pili, na tangu awe mtu mzima ana hofu moja: zamu yake lini. Hofu ikizidi anakwenda kwenye ulanzi. Msimu huu, jinsi unavyogemwa, pombe ni ya bei ya chumvi. Akilewa anaondoka na yeyote, kondomu hakumbuki. Asubuhi hofu imerudi maradufu, anakimbilia kupima. Hasi. Siku nne za amani. Kisha inaanza upya.

Tulikuwa tunampa nini? Majibu na kondomu. Tungeweza kumpa dawa kinga, na baadaye tulimpa. Lakini dawa kinga ni kidonge cha kila siku. Kidonge cha kila siku anakimeza mtu anayeamini kesho ipo. Mtibu hofu kwanza, au mtibu vyote pamoja, vinginevyo unamwongezea chupa nyingine ya kutupa chooni.

Na wenzetu wameshaonyesha inawezekana. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadone kwa watu wanaojidunga heroini. Mraibu anafika kila siku kunywa dozi yake mbele ya muuguzi. Anafika kila siku! Basi mwenye VVU akaweza kupewa na ARV zake palepale, akapimwa kifua kikuu palepale. Mtu aliyeitwa teja, asiyeaminiwa hata na ndoo ya maji, akawa na ufuasi. Haikumbadilisha elimu. Dirisha lilikuwa moja.

Sasa kuna jambo linanikera nalo nitalisema, Mganga Mkuu atanivumilia. Tumefurahi, na tulikuwa na haki, kuwapa watu dawa za miezi sita. Foleni imepungua, nauli imepungua. Lakini ina maana mtu tunamwona mara mbili kwa mwaka. Mara mbili! Na hizo mara mbili tunamwona kwa dakika nane, tatu kati yake tukitafuta faili. Sisemi turudi kwenye kila mwezi. Nasema dakika mbili kati ya nane ziwe zake.

Dakika mbili zinatosha maswali mawili. Yapo, yametumika dunia nzima, hayahitaji shahada. Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo yako? Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Akisema ndiyo, unaendelea na yale tisa ya PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ambayo Kiswahili chake kipo. Na swali la tisa, msilikwepe. Lile la kujidhuru. Wauguzi wengi wanaliruka kama moto, wanadhani ukimuuliza mtu kuhusu kujiua umempa wazo. Hujampa. Alikuwa nalo kabla hujavaa gwanda lako. Ukiuliza kwa upole unamtua mzigo. Wengine wananyamaza kwa kuogopa polisi. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Sisi tulio kliniki hatuhitaji kusubiri mahakama ili tuwe na upole.

Dawa za sonona zipo, amitriptilini na fluoksetini si dawa za Ulaya tu. Ila nawasihi: mtu mwenye mawazo ya kujiua msimpe amitriptilini ya miezi sita kwa mazoea yetu ya CTC. Ikizidi inaua. Mpe ya siku chache, arudi, na awepo ndugu wa kuitunza.

Na sisi wenyewe? Nitalipitia haraka kwa sababu nikikaa hapo nitalia. Mwaka jana, baada ya Marekani kusitisha misaada Januari 2025, washauri wengi waliokuwa wakilipwa na miradi walirudi nyumbani. Waliobaki tukabeba simu zao, faili zao, watoro wao. Mimi niliacha kulala. Mimi! Niliona aibu wiki tano kabla ya kumwambia mtu. Aliyeniuliza ni yuleyule muuza viazi. "Sista, na wewe unalala?"

Kwa hiyo msiniletee mradi mpya wa afya ya akili wenye gari lake, fulana zake na bango lake. Gari litaondoka na mradi. WHO na UNAIDS walishatoa mwongozo wao mwaka 2022 wa kuziunganisha hizi huduma, na lengo la dunia lilikuwa ifikapo 2025 watu tisa katika kumi wawe wamefikiwa. 2025 imepita, na chumba cha afya ya akili kituoni kwetu kinafunguliwa Alhamisi. CTC yetu ni Jumatatu mpaka Jumatano. Alhamisi wagonjwa wangu wako mashambani, nami nauangalia ule mlango ukiwa wazi hauna mtu.

Mganga Mkuu, ombi langu halina bajeti. Alhamisi ihamie Jumanne. Yale makabati mawili yakae chumba kimoja. Na ufunguo wa chumba abaki nao mtu aliyepo kila siku. Mimi nampendekeza muuza viazi.

Namwona Mganga Mkuu anainuka. Nakaa.